Kombe la Mzee Rwiza

Tata,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza na hasira kabla ya salamu ungeuliza nimelelewa na nani, na mama angejibu kwamba upande wake haumo.

Nimekaa hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, hatua chache kutoka ulipolala, kwenye lile gogo ulilokuwa unaapa kila mwaka kwamba utalipasua kuni. Bado lipo. Kaburi lako nalo bado ni la udongo. Mwanao Deusi anasema tutalijengea baada ya kuuza kahawa, na kahawa ya mwaka huu unaijua, inaahidi kama mgombea. Migomba iliyo jirani nawe imestawi kupita yote, mama anasema ni wewe unaifokea. Goti lake linamsumbua akishuka mwaloni kwenye mitumbwi, ila mdomo wake mzima kabisa. Mtumbwi wako anao Deusi. Ameuziba ufa, amebadilisha ubao wa kukalia, na amekataa kuupaka rangi kwa sababu wewe hukuupaka. Mimi bado nabanika samaki nyuma ya mwalo na kuwapeleka Kayanga sokoni, na wateja bado wananiita binti wa Rwiza ingawa nina watoto wanaonipita urefu.

Hizo ndizo habari za kukutuliza. Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu.

Wamekupa kombe.

Ndiyo, kombe, kama la mpira. Linang'aa, lina masikio mawili, na limeandikwa jina lako kwa herufi za kujikunja: Kombe la Mzee Rwiza. Wewe ambaye hukuwahi kushindana na mtu hata kwenye bao, ulikuwa unaondoka ukishaona mwenzako anakaribia kushindwa, ati umekumbuka kufunga mbuzi.

Unawakumbuka watu wa fimbo. Ulipokuwa hai walikuwa wachache, wakija mwisho wa wiki na gari moja, fimbo zao ndefu za kuvulia zimetokeza dirishani. Walikuwa wanavua kambare, wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini, kisha wanakunywa soda na kuondoka. Wewe uliwapigia kasia mara nyingi. Ulirudi nyumbani ukicheka mpaka unashika ubavu. "Hawa wanamtoa samaki majini wamsalimie tu," ulikuwa unasema. "Hata habari za watoto hawamwulizi." Hukuwachukia. Ulisema kila mtu ana ugonjwa wake, na huo wao hauambukizi.

Umeambukiza, Tata. Ulipoondoka tu, walijenga kambi pale kwenye ncha ya ardhi karibu na Mlangoni, kijito kinapotoka kwenye mafunjo na kuingia ziwani. Mahema, jenereta, choo cha vigae ambacho kwetu hapa mkubwa wa kijiji hana. Mbele yake wakasimamisha bango: Eneo la Uvuvi wa Burudani, Nyavu Hazitakiwi. Nani aliwapa ruhusa ya bango, hakuna anayejua. Serikali ya kijiji inasema ombi lao la kupewa eneo bado linazungumzwa. Ombi linazungumzwa, bango limeshasimama. Mlangoni, Tata. Pale ambapo babu alitega, ukatega wewe, na Deusi akajifunza kuogelea kwa kutupwa.

Nisiwe mchoyo wa ukweli, usije ukaniota usiku. Wana hoja yao. Wanasema kambare wakubwa wamepungua, na wamepungua kweli. Wanasema baadhi yetu tunavuta nyavu zenye matundu ya kunasa hata viluwiluwi, na hilo nalo ni kweli, wewe mwenyewe uliwahi kumkimbiza mtu na kasia kwa ajili hiyo. Mkubwa wao, Festo, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kayanga, anasema kambare mkubwa akiwa hai anawaleta wageni kila mwaka, lakini akiingia chunguni analiwa mara moja na habari yake imekwisha. Anaongea vizuri Festo. Ukimsikiliza njaa ikiwa haikuumi, unakubali.

Lakini mbona hawazungumzii wale wanaorudishwa na kufa? Sisi ndio tunaowaokota kwenye majani, wamemeza ndoano mpaka tumboni. Na waliopona wanafika kwangu midomo imechanika. Unajua kazi yangu. Kambare wa kubanika namkunja, mkia naupitisha mdomoni, nauzuia kwa kijiti, anakaa duara juu ya moto na kuiva kila upande. Mdomo uliochanika haushiki mkia. Anafumuka kwenye chanja, anaangukia majivu, na sokoni wateja wanamgeuzageuza wakiuliza huyu kaumwa na nini. Naanza kueleza kwamba alisalimiwa na daktari wa meno, mmoja wa wale watu wa fimbo. Wanadhani nachanganyikiwa.

Hayo yote ningeyavumilia. Watu kugombea samaki ni jambo la zamani kuliko kanisa. Kilichonitoa povu ni ile picha.

Kumbe Festo alikupiga picha. Ni siku ile ya mvua za kwanza, mwaka wako wa mwisho wa nguvu, ulipomkuta jike mkubwa kwenye wavu na tumbo limejaa mayai. Kwenye picha umesimama maji yakikufika kiunoni, shati limekuganda mwilini, umembeba kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, na unamwachia. Picha nzuri. Ningeililia ingekuwa ukutani kwetu. Lakini wameikuza ikawa kubwa kama mlango, wameitundika langoni mwa kambi, na chini wameandika: Mzee Rwiza, Aliyevua na Kuachia. Ukipita wanawaeleza wageni kwamba mzee huyu, mwenyeji wa ziwa hili, alivua kambare maisha yake yote na hakumla hata mmoja. Alivua kwa mapenzi tu, kama sisi.

Kwa mapenzi tu!

Tata, nilisimama pale langoni na kapu langu kichwani nikasikia masikio yananiwaka. Hukula kambare kwa sababu kambare ni muziro wetu. Ukoo wetu hauli, tangu kabla ya babu wa babu, mwiko unaotoka kwa baba kwenda kwa watoto wake. Kila mtoto wa hapa anajua. Hata mimi ninayewabanika kila siku, moshi wao umeingia mpaka kwenye mifupa, sijawahi kuonja. Ulivua ili wengine wale. Ulivua tukavaa sare, tukapata daftari, bati zikapanda juu ya nyumba. Na ulipoona haya kuwaona wengine wakikosa, ulimpeleka kambare mlangoni kwao ukasema umemwokota. Leo kutokula kwako kumekuwa ushahidi wa starehe.

Na mama je? Wamemsahau mama, aliyetoka ukoo unaomla kambare bila wasiwasi. Wamesahau chungu chake cha nje, yale mafiga matatu nyuma ya jiko, mbali na chungu chako wewe. Akipika kambare wake na ndizi, majirani walikuwa wanakuja bila kuitwa, wanakaa chini huko nyuma wanakula kwa vidole, na wewe umekaa mbele ya nyumba peke yako kama mtu aliyesusa. Kisha ungepaza sauti: "Mmemaliza huyo jamaa?" Wangejibu bado kichwa. Ungesema, "Fanyeni haraka, ananisikia." Mama alikuwa ananawa kwa majivu na ndimu kabla ya kukushikia sahani. Huo ndio ulikuwa upendo wa nyumba hii na kambare. Uandikwe langoni basi.

Na kuachia kwenyewe! Waliona siku moja wakadhani ndiyo maisha yako. Mvua za kwanza zikishuka na kijito kikifurika kwenye majani, kambare wanapanda kwenda kuzaa, na wewe ulikuwa unatoa nyavu zako zote majini na kuzitundika kwenye uzio wa mwalo, wazi, kila mtu azione. Hukuitisha kikao. Hukutoa faini. Watu walipoziona nyavu za Rwiza ziko juu, na wao walizitundika zao, na anayejifanya hajaziona alisalimiwa kwa sauti kubwa mpaka akaziona. "Mwenye mimba haguswi," ulisema, na maneno yaliishia hapo. Maji yakirudi kwenye njia yake, ulizishusha ukavua kama mtu mwenye deni. Yule jike wa kwenye picha aliingia kwenye wavu wa mwisho, wakati unautoa. Ulimwacha akazae. Hukumwacha ili umshike tena kesho yake upigwe picha.

Sasa sikia la mdogo wangu, maana hasira yangu haina upande mmoja.

Deusi alipoiona ile picha aliitazama tu akaenda zake. Nilidhani amekua. Kumbe anachemka. Mvua za kwanza za mwaka huu ziliponyesha, watu wa fimbo wakatangaza mashindano, papo hapo kambare wakipanda, kwa sababu ndipo wakubwa wanapatikana. Deusi naye akawakusanya vijana wa mwalo na kutandaza nyavu kukatiza Mlangoni, ng'ambo kwa ng'ambo. Nyavu zako, Tata. Kwenye mvua. Nilimfuata nikamwambia anachezea shilingi kwenye tundu la choo. Akanijibu hivi: "Kama wao wanavua mvuani kwa jina la Baba, na sisi tutavua mvuani kwa jina la Baba. Mzee asingekubali kunyang'anywa." Nikamwambia mzee asingekubali hata hilo analofanya. Akasema, "Wewe rudi kwenye chanja lako."

Wanasema maiti haulizwi sanda. Sawa, sanda hatukukuuliza, tulikuvika tuliyoipata. Lakini hiki kinachoendelea si sanda. Huku wamekufanya bango, kule wamekufanya rungu, na kila upande unaapa kwamba ungekuwa hai ungesimama kwao. Mchana ule niliwachukia wote. Nilikata vijiti vya kubanikia, nikavivunja, nikakata vingine.

Kisha Festo akaja nyumbani na sukari na kitenge. Nisimsingizie, ni mtu mwenye heshima. Msibani alibeba jeneza lako, na viatu vyake viliharibika kwa tope asilalamike. Alipiga magoti akamsalimia mama, akasema wangependa familia iwe wageni rasmi, na mimi nimkabidhi mshindi kombe. Nilifungua mdomo kumfukuza. Mama akanikanyaga mguu. "Tutakuja, mwanangu," akamwambia. Alipoondoka nikamgeukia mama kwa ukali, akasema huku anakunja kile kitenge, "Mtu anatumia jina la mume wangu. Nataka nione analitumiaje."

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Magari yalipanga foleni mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Turubai, viti vya plastiki, muziki, na sura yako kwenye kila nguzo. Mama alivaa ile nguo yake ya Pasaka. Upande wa pili wa kijito, Deusi na wenzake wamesimama kwenye mitumbwi, mikono kifuani, nyavu zao ziko majini na maboya yanaonekana. Watu wa fimbo wanawatazama wao, wao wanawatazama watu wa fimbo, na katikati kambare wanapasua maji wakipanda. Ulikuwa unasikia majani yakitikisika, Tata. Ile sauti uliyokuwa unatuita tuje tuisikilize, tumejifunika magunia, ukituzuia tusiongee.

Mshindi alikuwa huyo daktari wa meno niliyekutajia, kijana mpole, anatetemeka kwa furaha. Alikuwa amemvuta jike ambaye mimi, niliyezaliwa hapa, sijawahi kumwona wa ukubwa ule. Tumbo lake lilikuwa limetanuka pande zote mbili. Wakamtundika kwenye mizani kwa taya. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akaita wapiga picha. Na pale alipokuwa ananing'inia, mayai yakaanza kumtoka.

Kwanza machache. Kisha yakatiririka, ya kijani iliyofifia, madogo kama punje za ulezi, yakadondoka kwenye tope, kwenye kamba, kwenye viatu vya watu. Mmoja alirudi nyuma akafuta kiatu chake kwa kitambaa. Wapiga picha wakaomba anyanyuliwe tena, mwanga haukuwa mzuri. Wakamnyanyua tena. Nilikuwa nimelishika kombe lako kwa mikono miwili, na nilimwona Festo akitazama chini kwenye yale mayai. Uso wake ulibadilika. Naapa hakujua. Miaka yote ile ya kuvua, hakuwahi kumwona jike amefunguka vile, kwa sababu ulipokuwa hai, ukimpigia kasia wakati wa mvua, ulikuwa unampeleka upande mwingine wa ziwa.

Wakampeleka majini wamrudishe. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Bingwa anarudi nyumbani." Makofi. Jike akageuka tumbo juu. Mtu wao mmoja akamsukuma kwa kasia, akazama kidogo, akaibuka tena, tumbo juu. Makofi yakapungua. Akamsukuma tena, kama mtu anayeficha takataka chini ya mkeka.

Ndipo mama alipoinuka. Sikuona alivyopita katikati ya watu na goti lile. Nilimwona tayari yumo majini, nguo ya Pasaka imeelea pembeni yake, amemkamata yule samaki kwa matundu ya mashavu kama anavyoshika aliyeshika samaki maisha yake yote. Akatoka naye. Festo akamkimbilia, akasema kwa sauti ndogo, ya aibu zaidi kuliko ubishi, "Mama, kanuni haziruhusu kuondoka na samaki."

Mama akamwuliza, "Kombe ni la nani?"

Festo akasema la Mzee Rwiza.

"Basi na kanuni ni za Mzee Rwiza. Aliye hai na mimba, anaachwa. Aliyekufa ni chakula, analiwa. Hakuna wa tatu."

Muziki ulikuwa bado unapiga, hakuna aliyekumbuka kuuzima. Ng'ambo vijana wakaanza kucheka na kupiga miluzi, watu wa fimbo wameumbuka. Mama akageuka na samaki wake mkononi, akamtafuta Deusi kwa macho mpaka akampata. Hakupaza sauti, lakini kijito ni chembamba pale. "Na wewe, mwanangu. Zilizo majini hapo nyuma yako zimeshika wangapi kama huyu?"

Miluzi ikakoma. Deusi akatazama maboya yake. Sikumbuki lini nilimwona mdogo wangu mdogo kiasi kile.

Tulipanda nyumbani kwa miguu. Mama mbele na samaki, mimi nyuma na kombe, maana hakuna aliyelidai na mimi sikujua niliweke wapi. Tata, lazima nikuambie kitu ambacho mama hatakuambia. Tangu tukuzike, hakuwahi kupika kambare. Nilidhani atafurahi, sasa anaweza kumpika ndani, kwenye jiko lake, bila majivu wala ndimu, mwenye mwiko ametangulia. Nilimwambia hivyo mara moja. Aliinuka akaenda kwenye migomba yako. Kile chungu cha nje kilikuwa kimelala kifudifudi kwenye mafiga, majani yameota ndani ya masizi.

Siku hiyo alikigeuza. Alikisugua kwa mchanga mpaka mikono ikawa myekundu. Akamkata jike, akampika na ndizi, kule kule nje, kwenye mafiga matatu, mbali na jiko. Majirani wakaja bila kuitwa, kama zamani. Wavuvi wakaja. Na nilipotazama kwenye njia nikamwona Festo amesimama kwenye uzio, suruali imejaa tope, hajui aingie au aondoke. Mama akamwita kwa mkono uliokuwa na mwiko wa kupikia. Akampa sahani. Festo akakaa chini na wenzake akala kwa vidole. Alimla yule samaki mpaka kwenye mifupa, na sikumwonea huruma, bado nilikuwa nimekasirika. Lakini nilimwona anakula.

Mimi na Deusi, watoto wa mwiko, tulikaa mbele ya nyumba. Yeye alikuwa amefika amelowa, nikajua alikotoka. Tulikaa kwenye benchi lako, tunasikia vicheko vya huko nyuma, tunasikia vijiko vya watoto. Harufu ikatufikia. Sijui ilitokea wapi, Tata, lakini Deusi akafunua mdomo na kupaza sauti, sauti yako tupu: "Mmemaliza huyo jamaa?"

Huko nyuma mtu akaweka sahani chini. Kisha nikamsikia mama, na sauti yake imepasuka katikati. "Bado kichwa."

Hatukuweza kumalizia. Ilikuwa zamu yako. Tulilia kwenye benchi kama watoto, mimi na mwanaume mwenye ndevu.

Asubuhi yake niliposhuka mwaloni, nyavu zako zilikuwa kwenye uzio, zote, zinachuruzika maji. Vijana walikuwa wanatundika zao bila kutazamana usoni. Nilipita nikawasalimia kwa sauti kubwa.

Usidhani nimepoa. Bango bado lipo. Festo amefuta maneno ya chini ya picha yako, na kambi imefunga fimbo mpaka maji yarudi, lakini ombi la kuchukua Mlangoni hajaliondoa. Anasema si lake peke yake, wana chama. Daktari wa meno alituma salamu kuulizia kombe. Nimemjibu kwamba lipo juu ya kabati, mama anawekea chumvi, akitaka aje alichukue. Na wapo wenzetu wa mwaloni wanaosema tumewasaliti, kwamba mwenye nguvu huwa harudishi unachomwachia. Huenda wana haki. Mvua zikiisha kuna mkutano wa kijiji, na pande zote mbili zimeshaanza kulipasha moto jina lako.

Kwa hiyo nakuahidi. Siku hiyo nitasimama mimi, na mama atakaa mbele na goti lake. Nitasema Mlangoni ni pa kuvua na pa kuacha kuvua, kwa wakati wake, na anayetaka kimoja bila kingine aende kwenye ziwa lake. Wakianza kusema Mzee Rwiza angetaka hivi, Mzee Rwiza angetaka vile, nitawakatiza hata kama ni mwenyekiti. Walete mashahidi walio hai. Wewe umeshamaliza kazi yako. Na ile picha nitairudisha nyumbani, kwa ombi au kwa ubishi, tuitundike pale mbele, juu ya benchi.

Nakuacha sasa, manyunyu yameanza na karatasi inalowa. Mama ananiita nikamsaidie ndizi. Pumzika, Tata. Nyavu ziko juu.

Binti yako,
Jenerosa